Karimu na Ubao Uliolala Kibenga

Chama chetu cha watoa damu kiliniomba niandike maisha ya marehemu mume wangu, Massoudi, kurasa chache za kutiwa katika kijitabu cha kumbukumbu. Waliniomba mimi kwa sababu nilikuwa mkuu wa shule ya msingi kwa miaka kumi na tisa, na kwa sababu ni mjane wake. Nimeketi mezani mara nne. Kila mara kalamu imekwenda kwa mtu mwingine, na safari hii nimeiacha iende. Haya ni maisha ya Karimu, mdogo wake Massoudi, fundi wa redio. Wengi mtakaosoma mnamjua kwa jambo moja tu, na jambo hilo si kweli.

Karimu alizaliwa mtaa wa Buyenzi, avenue ya saba, mwaka 1961, mtoto wa mwisho wa fundi cherehani. Mume wangu alisomeshwa mpaka akawa mfamasia. Karimu aliishia darasa la sita. Tulipojenga Kibenga, karibu na ziwa, Karimu alikuwa mtu wa kuingia kwa mlango wa nyuma. Hakuna aliyemwambia apite huko. Hakuna pia aliyemwambia apite mbele. Alikuwa na grisi kwenye kucha ambayo haikutoka hata siku ya Idi, na alicheka kwa sauti kubwa mbele ya wageni. Mimi nilimwita "fundi" nikiwa na watu na "shemeji" nikiwa na shida.

Duka lake lilikuwa chumba kimoja chenye meza, taa, na redio zilizofunguliwa matumbo. Alikuwa na namna yake ya kusikiliza mashine: aliweka ncha ya bisibisi juu ya mota, akaegemeza mpini kwenye mfupa wa nyuma ya sikio, akafumba macho. Kisha anasema, "Huyu ana kiu," akimaanisha mafuta, au, "Huyu amekufa jana, mumenichelewesha."

Vita vilipoanza mwaka 1993 redio zikawa kama dawa. Watu walitaka kujua barabara ipi imefungwa na mtaa gani umechomwa. Wakati ambapo mtu wa mtaa mmoja hakuweza kukanyaga mtaa wa pili, wote walikuja Buyenzi, wakakaa benchi moja dukani kwa Karimu, wakitazama sakafu. Alikuwa akiwaambia, "Semeni basi, ama mi nitafungua redio zenu zote zipige kelele pamoja." Wakacheka bila kutaka.

Mume wangu naye aliona jambo lake. Hospitali zilikosa damu, na waliokuwa tayari kutoa waliogopa kuandikwa. Katika miaka ile orodha ya majina ilikuwa kitu cha kutisha. Watu walikuwa wamekufa kwa sababu ya orodha. Massoudi akaenda nyumba kwa nyumba, Waislamu kwa Wakristo, akisema neno moja: "Jina lako litakaa nyumbani kwangu tu. Halitanakiliwa. Hospitali ikiuliza, itapewa jina la anayehitajika siku hiyo, basi." Wakamwamini. Alipofariki mwaka 1999 daftari lilikuwa na watu mia mbili na kumi na wawili, na neno lake likabaki kwangu. Jina la familia yetu lilikuwa ndani ya lile daftari, na mimi nililishika kama mtu anavyoshika mtoto kwenye umati.

Mwishoni mwa mwaka 2002 daktari mgeni aliyekuwa akirudi kwao alituachia kompyuta ya aina tusiyowahi kuiona: bapa, bila kibodi, unaandika juu ya kioo kwa kalamu yake. Karimu aliigeuza, akaipiga kofi dogo mgongoni, akasema, "Iyi ni ubao wa madrasa. Inakosa tu wino na fimbo ya mwalimu." Tangu hapo sote tukaiita ubao, kama ule tulioandikia aya utotoni. Nilihamisha majina yote mwenyewe. Daftari tukalichoma kwenye jiko la makaa mbele ya wanachama watano, ili pasiwe na nakala mbili.

Taabu ikabaki ileile. Hospitali ikitaka jina, mtu lazima aje Kibenga. Barabara ikifungwa, mgonjwa anasubiri. Libère, fundi wa maabara hospitalini, mtu mpole wa Musaga, alikuja kuniomba nakala iwekwe kwake. Nikasema nikiwa hai haitawezekana. Alikuwa anainuka kuondoka wakati Karimu, ambaye alikuwa jikoni akitengeneza pasi yangu, alipotokeza kichwa.

"Basi ubao ulale uku kwa shemeji," alisema. "Na nyie kule mukiwa na shida, muuamushe."

"Nitauamusha aje, na mi niko hospitali?" Libère akauliza.

"Kwa kuuita jina."

Walifanya kazi hiyo mwezi wa pili mwaka 2003, sebuleni kwangu, siku tatu. Juu ya paa Karimu alifunga antena iliyotazama hospitali, na Libère akafunga nyingine kule. Kutoka antena yetu waya ulishuka mpaka ndani ya kabati la vyombo, ambamo ubao uliwekwa juu ya kitako chake cha kuusimamisha na kuuunga na waya. Nilimwuliza kwa nini asiuache uwe macho siku zote.

"Utaungua na joto, shemeji. Na mutu akipita kwa dirisha ataona mwanga. Lakini ukilala, kuna kipande kidogo ndani kinabaki macho. Kinasikiliza waya tu, kama mama mwenye mutoto mchanga."

Alinieleza, na kwa mara ya kwanza nilimsikiliza kama mwanafunzi. Kile kipande kinachosikiliza kina jina lake, herufi na tarakimu kumi na mbili, na hakuna kingine duniani chenye jina hilo. Anayetaka kukiamsha anatuma ujumbe mfupi kwenye waya, ambamo jina hilo limetajwa mara kumi na sita mfululizo. Kikilisikia, kinawasha kompyuta nzima. Majina ya wengine hakiyajali.

Libère alicheka, akamtaja mkewe. "Bibi yangu Léocadie ananiita mara ishirini asubuhi na siamuki."

"Ni Léocadie anakosea," Karimu akamjibu. "Angekuita mara kumi na sita."

Lakini siku ya kwanza ubao haukuamka, wala ya pili. Karimu alichomeka kibodi, akaingia katika ule ukurasa wa bluu unaotokea kabla mashine haijaamka vizuri, akaruhusu kuamshwa kwa waya. Akaruhusu tena ndani, kwenye kile kipande chenyewe. Libère akaita kutoka hospitali; kimya. Siku ya tatu saa tano, Karimu akiwa amelala chali chini ya kabati, nilimsikia akisema, "Ee! We mujanja." Alikuwa ameona kwamba kila alipojaribu, ubao ulikuwa umechomolewa ukutani ili ausogeze, ukaishi kwa betri yake.

"Shemeji, njoo uone. Ikila chakula yake yenyewe, inaogopa kuimaliza. Basi inaziba masikio. Lazima ilale huku inakula ya ukutani."

Akauchomeka, akapiga simu kwa Libère. Nilikuwa nimesimama mbele ya kabati. Hapakuwa na mkono wa mtu karibu, na kioo kikawaka. Zubeda, mke wa Karimu, aliyekuwa ameleta chakula, alisema Bismillahi akarudi nyuma hatua mbili.

Kwa ajili ya kukatika kwa umeme Karimu aliweka chini ya kabati sanduku la akiba, lile ambalo mafundi wetu huliita onduleur. Ubao na antena vyote vilichomekwa humo, na humo ukatoka waya mmoja mweupe kwenda ukutani. Aliushika ule waya mweupe kwenye prise yake, yaani plagi ya ukutani, akanionyesha.

"Prise zingine zote fanya unavyotaka. Iyi moja, shemeji, usiiguse hata nyumba ikishika moto."

Nilimwambia mimi si mtoto.

Hapa lazima nieleze desturi ya nyumba yetu. Mwaka 1996 umeme ulikatika ukarudi kwa nguvu, ukaunguza friji ya Massoudi yenye dawa za wagonjwa wa sukari. Tangu siku hiyo tulikuwa na sheria: anayetoka wa mwisho anachomoa kila waya ukutani, anaukunja, anaufunga kwa kitambaa. Vitambaa hivyo nilivikata mwenyewe kutoka kitenge cha zamani cha kijani, vyote urefu mmoja. Wageni walivisifu. Binti yangu Houda alikuwa akinicheka kwamba nafunga nyaya kama zawadi za harusi.

Kuanzia Februari mpaka mwanzoni mwa Julai ubao uliitwa mara kumi na moja, na mara kumi na moja uliamka, ukajibu, ukalala. Hospitalini walimwita Karimu "mwadhini," kwa kuwa alijua kuamsha. Alianza kupita mlango wa mbele. Nilimpa kikombe chenye kisahani.

Kisha ikaja Jumatatu ile ya Julai. Tuliamshwa na mizinga kabla ya jua. Ilikuwa inatoka milimani ikiangukia mitaa ya kusini, na risasi zilisikika upande wa Musaga. Majirani walikimbia na walichoweza kubeba. Nilifunga madirisha. Nilifunga maji. Nilivaa viatu vya ngozi, kwa kuwa sikutaka kuonekana barabarani na ndala. Saa mbili na robo nilitoka nikafunga mlango, nikatembea na umati mpaka Buyenzi kwa Karimu.

Nyumba yake ilikuwa imejaa. Wanawake wa mtaa walikuja kunipa pole, wakaketi kunizunguka uani, na mimi nikapewa kiti cha pekee chenye mgongo. Nilikuwa nawasimulia jinsi nilivyofunga nyumba bila haraka, mambo yote mahali pake, wakati simu ya Karimu ilipolia. Ilikuwa saa nne na nusu. Sauti ya Libère ilisikika mpaka nilipokaa.

"Fundi, ubao yako inakataa."

"Umeiita?"

"Mara ngapi? Nimeiita mpaka vidole vinaniuma. Karimu, ni Léocadie. Ni yeye iko hapa."

Léocadie alikuwa amepigwa na kipande cha bomu pajani, akitoka Musaga na godoro kichwani. Damu yake ilikuwa kundi O hasi, ambalo kwetu ni adimu, na mfuko wa mwisho hospitalini ulikuwa umetumika alfajiri kwa majeruhi wa kwanza. Katika orodha yetu walikuwamo watu tisa wa kundi hilo. Majina yao yalikuwa ndani ya kabati la vyombo, Kibenga.

Karimu aliweka mkono juu ya simu, akanigeukia. Aliuliza kwa upole, kama mtu anayeomba radhi kwa kuuliza.

"Shemeji, ile prise nyeupe?"

Wanawake wote walinitazama. Na wakati huohuo mikono yangu ilikumbuka kile ambacho mimi sikukikumbuka. Ilikumbuka ule waya, laini, na sanduku lililoanza kulia pi, pi, pi mara nilipouchomoa, na jinsi nilivyobonyeza kitufe chake mpaka likazimika na kunyamaza, kwa hofu kwamba wezi wangeisikia sauti wakajua kuna kitu kabatini. Ilikumbuka fundo la kitambaa.

Nikasema, "Karimu, mimi ndiye wa kuulizwa hivyo? Sikugusa kitu."

"Pole, shemeji," akasema. Akaondoa mkono kwenye simu. "Libère, nyumba iko sawa. Itakuwa antena yako, labda mizinga imeitikisa. Nakuja."

Akachukua bisibisi na koleo, akapanda baiskeli.

Zubeda alinipa chai. Nikanywa. Ningeweza kusimama wakati ule, hata kabla baiskeli haijafika kona, nikaita. Nilikuwa na sauti ya kuita watoto mia tano kwenye mstari. Nilikaa. Nilijiambia kwamba labda nakumbuka vibaya, labda ni waya wa televisheni niliouchomoa. Nilijiambia Karimu atapata njia, yeye hupata njia siku zote. Nilijiambia maneno mengi, na kikombe hakikutikisika.

Saa sita alipiga simu kutoka juu ya paa la hospitali. Upepo ulikuwa unaingia kwenye simu.

"Shemeji, antena ni nzima. Fikiri kidogo. Majina umeyaandika wewe. Hata moja ya O négatif, hata moja tu."

Nilikumbuka mawili. Mwanasiti wa avenue ya kumi, ambaye alikuwa na mimba ya miezi minane, na mzee Radjabu, aliyehamia Uvira, ng'ambo ya mpaka. Mengine saba niliyatafuta na sikuyaona. Nilikuwa nimeyaandika kwa mwandiko mzuri sana na sikuyaona.

"Basi naenda Kibenga," alisema.

"Usiende! Kule wanapiga bado."

Nikasikia mlipuko mbali, kwake au kwangu. Kisha akasema, taratibu, "Kama si antena, ni nyumba."

Naamini alijua tangu dakika ile. Hakuniuliza mara ya pili.

Yaliyotokea Kibenga nimeyasikia kwa Hamimu, mlinzi wa nyumba ya jirani, ambaye hakukimbia kwa sababu mwajiri wake alimwambia asitoke getini. Alimwona Karimu akija kwa miguu, mikono juu ya kichwa, askari wawili nyuma yake. Baiskeli alikuwa amenyang'anywa kizuizini. Waliongea getini muda mrefu. Karimu alikuwa anawaonyesha bisibisi, anaonyesha paa, anaonyesha mkono wake mahali pa kuchomwa sindano. Mmoja alimpiga kitako cha bunduki begani, mwingine akasema, "Mwache, ni kichaa." Akaingia kwa ufunguo alioachiwa na kaka yake. Hazikupita dakika mbili akatoka tena, akaketi kwenye ngazi ya mbele, simu mkononi, mizinga ikipita juu. Hamimu alimwita ukutani ajifiche.

"Siwezi," Karimu alimjibu. "Umeme ikikatika lazima nijue."

Saa nane na dakika ishirini simu yake ililia. Hamimu alisikia neno moja tu la Libère, kwa kuwa alilipiga kelele: "Imeamuka!"

Karimu alifunika uso kwa mikono yote miwili.

Mtu wa kwanza aliyepatikana alikuwa Jovithe, seremala wa Bwiza. Alifika hospitali saa kumi kamili, vumbi la mbao nywelini, mkono wa shati umekunjwa tayari. Léocadie alikuwa amekufa saa tisa na nusu. Damu ya Jovithe alipewa msichana mmoja wa Kinanira, na msichana huyo yu hai.

Siku ya mazishi tulikwenda sote. Mbele ya watu wa chama, mbele ya mama wa Léocadie na jamaa zake, Libère alimkabili Karimu.

"Ulinipa neno kwamba itaamuka."

"Nilikupa."

"Sasa ni nini?"

Nilikuwa nimesimama hatua tatu kutoka hapo, nimejifunika shela nyeusi. Karimu hakunitazama hata kidogo.

"Waya ya umeme nilifunga vibaya," alisema. "Ililegea. Kosa ni yangu, Libère. Si ya mutu mwingine."

Libère alimtemea mate miguuni. Karimu hakuyafuta.

Jioni hiyo, tulipofika Buyenzi, aliniita pembeni. Alitoa mfukoni kitambaa cha kijani, kimekunjwa vizuri, akakiweka kwenye kiganja changu.

"Kitambaa chako, shemeji," alisema. Kisha akaenda kuwasha makaa.

Hakulitaja tena jambo hilo, si siku ile, si leo. Wengine walilitaja kwa niaba yake. Mtu akipita na redio mtaani aliulizwa, "Unaipeleka kwa Karimu? Unataka ilale moja kwa moja?" Wakamwita "mlaza wafu." Wengine walisema aliuza orodha, ndiyo maana ubao ulikuwa kimya. Wengine walisema Waislamu wa Buyenzi waliwanyima Wakristo damu, na maneno ya namna hiyo, katika mwaka ule, yangeweza kuchoma nyumba. Watu sitini na watatu walifuta majina yao. Hospitali ikaishusha antena. Benchi la dukani likakaa tupu, kisha duka likafungwa. Sasa Karimu huenda Kajaga kila asubuhi kutengeneza taa za wavuvi, na hurudi kwa miguu, kwa sababu hakununua baiskeli nyingine. Bega lile alilopigwa haliinuki vizuri.

Na mimi? Mimi nilisifiwa. Walisema: mjane wa Massoudi ameaibishwa na shemeji asiyesoma, na tazama anavyovumilia. Nilipokea sifa hiyo miaka miwili. Nilijiambia kwamba ninalinda jina la familia, na kwamba jina la fundi linaweza kubeba doa ambalo jina la mfamasia na la mwalimu mkuu haliwezi. Niliandika sentensi hiyo kichwani mwangu mara nyingi, na kila mara ilikuwa na sarufi nzuri.

Wiki iliyopita nilimsomea Karimu kurasa hizi mpaka hapa. Alikuwa anasafisha taa. Alisema, "Shemeji, acha. Mutu amekufa tayari, na we utakuwa umekufa pia kwa watu." Nikamwambia nimeshaamua. Akaendelea kusugua kioo cha taa ambacho kilikuwa kimeng'aa zamani.

Jana nilikwenda Musaga kwa Libère, na kurasa hizi na kile kitambaa katika bahasha. Alinipa kigoda mlangoni, kwa heshima, akaniita Mama. Nilisoma nikiwa nimesimama. Nilipofika kwenye kitambaa alinyoosha mkono nikampa. Alikikunjua juu ya goti lake.

"Uliichomoa saa ngapi?"

"Saa mbili na robo."

"Mi nilianza kuita saa nne."

"Ndiyo."

"Na Karimu alikuuliza saa nne na nusu." Alikuwa anahesabu kwa vidole, kama mtu wa maabara. "Kutoka Buyenzi mpaka Kibenga, na vizuizi, na wale askari, saa moja na nusu. Saa sita ingekuwa imeamuka. Jovithe alichukua karibu saa mbili kufika." Vidole vilikuwa vimefika saa nane, na havikwenda mbele.

Nilikuwa nimetayarisha maneno njiani, mazuri, na sikuyataka tena.

"Nilimutemea mate," alisema. "Siku ya kumuzika bibi yangu. Na yeye alijua."

"Alijua."

Alisimama. Alitafuta viatu, akavaa kimoja, akasahau kufunga kamba. "Wapi iko saa hizi?"

"Kajaga. Kwenye taa."

Akatoka bila kuniaga, kitambaa mkononi, akishuka barabara kwa haraka mpaka akawa anakimbia. Sijui alikwenda kumwambia nini, na sina haki ya kujua. Nilibaki mlangoni pa nyumba isiyo yangu, na karatasi zangu.

Mama wa Léocadie alitokeza kutoka ndani, mzee, akishika ukuta kwa sababu macho yake hayaoni vizuri.

"Libère amekimbia wapi?"

"Kajaga, Mama. Kwa Karimu."

Uso wake ulikazana. "Yule wa machine? Yule aliyeua mutoto wangu?"

"Apana, Mama," nikasema. "Yule ni mimi."

Alinitafuta kwa macho yale. Kisha akapapasa mpaka akakipata kigoda nilichokataa kukalia, akakisukuma upande wangu kwa mguu.

"Kaa," alisema. "Unieleze yote, kutoka asubuhi."

Nikakaa.